Wakaguzi wa Mtungi wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuazimana chumvi kama sisi, Bi Pimbi alipika pombe ya mtama. Nyinyi watoto msilambe midomo, yenu ni togwa!

Hakuipika kwa anasa. Shamba lake la mahindi lilikuwa limemezwa na magugu, na kijijini kwao hakuna aliyekuja kukupalilia bila kuahidiwa pombe. Bila palizi, wanawe wangelala njaa mwaka mzima.

Siku ya pili, pombe ikiwa bado inachacha mtungini, chwee, chwee, hodi ikapigwa. Nyati na Kiboko hao!

"Tumekuja kukagua," alisema Kiboko. "Pombe ikiingia uchafu huua, jirani."

"Nani kawatuma?"

"Tunajali afya za watu!" alijibu Nyati, kata tayari mkononi.

Wakakagua. Gudu, gudu, gudu! Kesho yake wakarudi kukagua tena. Gudu, gudu! Mtungi ukabaki nusu. Bi Pimbi alikasirika hadi masikio yakamtetemeka, lakini angewafanya nini? Mwenye nguvu mpishe. Akakaa kitako, akafikiri. Alijua kwamba pombe changa ukiinywa huendelea kuchacha tumboni.

Asubuhi ya siku ya nne walipobisha, aliwapokea kwa kilio.

"Uwiii, jirani zangu! Jana mlipokagua, mliona utando mweupe juu?"

"Tuliuona," alisema Nyati. Ni povu tu, watoto, kila pombe changa inalo.

"Na matumbo, hayangurumi?"

Wakatazamana. Guruguruguru! Tumbo la Kiboko likajibu lenyewe.

"Yalaa! Mjusi alitumbukia mtungini. Huyo anatafuta mlango!"

"Tutakufa?" Kiboko akaangua kilio, jitu zima lile.

"Dawa ipo. Sumu ya mjusi hutoka kwa jasho la jembe tu. Majembe yale pale, shamba lile kule. Na msinikanyagie mahindi!"

Kacha, kacha, kacha! Walipalilia bila hata kunyoosha mgongo. Kila tumbo liliponguruma, waliongeza kasi. Kufikia alasiri hakukubaki gugu hata moja.

"Tumepona?" aliuliza Nyati, ulimi nje.

"Mmepona kabisa," alisema Bi Pimbi. Akachota kata moja kutoka mtungi uleule, akainywa yote.

"We mama! Na mjusi je?"

"Mjusi gani? Nimeikagua mwenyewe. Haina ukungu, haina harufu mbaya, na leo ndiyo imeiva."

Nyati akameza mate.

"Basi tuonjeshe na sisi kidogo, jirani. Tumefanya kazi."

"Ningewakaribisha kwa moyo mmoja," alisema Bi Pimbi, akifunika mtungi, "lakini ujira wenu mlikwisha kuunywa."

Hadithi yangu imekomea shambani kwa Bi Pimbi, nanyi mshike hili: anayekunywa jasho la mwenzake, siku moja atalitoa lake.