Uji wa Nyumba ya Askari

Wapendwa katika Bwana, mfikirini askari mmoja aliyehamishiwa mji usio wake. Mkewe akajifungua mtoto wa kike katika kota za polisi. Ndugu walikuwa mbali, na majirani, watu ambao mila yao haimwachi mzazi peke yake, walilikwepa lango lile. Nani aende kwa polisi bila kuitwa? Basi askari akakata shauri kwa uchungu: baada ya siku mbili angempandisha mkewe basi, na kichanga kifuani, safari ya kutwa nzima, wakatunzwe kwao.

Lakini mkunga aliwaambia akina mama wa kanisa. Asubuhi wakaingia kituoni na vitenge vyao vya sare, wamebeba sufuria ya uji wa pilipili manga. Askari wa kaunta, yule yule baba mtoto, hakuinua hata uso. Kituoni, aletaye chakula humletea mahabusu, na sharti akionje kwanza mwenyewe.

"Onja, mama."

Kiongozi wao akanywa funda.

"Haya. Jina la mahabusu?"

"Hatuna mahabusu, afande."

Akakunja uso. "Ahaa! Mmekuja kunilainisha. Mnataka nimwachie nani?"

"Usimwachie mtu. Tuonyeshe mtoto! Tangu lini mzazi akajikanda mwenyewe, na sisi tupo?"

"Mtoto... wangu?"

"Kwani hapa kuna askari mwingine aliyejifungua?" mama mwingine akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Askari akavua kofia. "Kesho nilikuwa nawasafirisha, mama."

"Umsafirishe nani? Mzazi haendi popote! Zamu tumeshapangana: huyu anafua, huyu anapika, mimi namkanda."

Vigelegele vikapasuka mpaka kota. Hata mahabusu wakapiga makofi, wasijue sherehe ni ya nini.

Ndipo askari akasema kwa upole, "Mama, wewe nakufahamu. Kila Jumapili baada ya ibada unawaletea mahabusu chakula hapa kwangu. Miaka yote nimefunua sufuria zako. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniuliza habari za nyumbani."

Mama yule akainamisha uso juu ya sufuria yake.

Je, sisi tungemjibu nini? Bwana alisema alikuwa kifungoni, nasi tukamwendea. Na heri yetu tukitii. Lakini yule ashikaye funguo, hana roho? Paulo, vifungo vyake vilipofunguka, alimlilia mlinzi wa gereza asijidhuru, na kabla hakujapambazuka nyumba nzima ya mlinzi ilikuwa imebatizwa, inashangilia. Sisi twamwombea mfungwa kwa machozi, kisha tukimpita mlinzi twatema mate.

Sisemi tumbembeleze mdhalimu. Hasha! Anayemwonea maskini kwa sare ya serikali atajibu mbele za Mungu, nasi tusimfiche hilo. Yohana Mbatizaji hakuwaficha askari: aliwaambia wasidhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Lakini angalieni, ndugu zangu: askari wale walimwendea wenyewe, wakamwuliza wafanye nini. Waliona kwake pana mlango.

Nasi leo, ni askari gani atakayekuja kutuuliza njia ya uzima, ikiwa hatujapata hata kumwuliza jina la mtoto wake?