Shada Moja, Shingo Tatu

Kaeni, lakini msikae raha sana, maana kisa hiki kimeninyima raha mimi mwenyewe wiki nzima. Na wewe uliyezoea kujibu kabla swali halijaisha, leo nakuomba ufunge kinywa mpaka nikwambie ufungue.

Huko milima ya Taita palikuwa na msichana wa kidato cha tatu, jina lake Wakesho. Macho yake yaliona mwanga na kivuli, basi. Alisoma shule ya kawaida pamoja na wanaoona, akashika mkia mihula mitano mfululizo. Si kwamba hakuwa na kichwa! Kichwa alikuwa nacho, tena kikali. Masomo ndiyo yaliyokosa njia ya kukifikia. Mwalimu mkuu akamwambia, "Ukiwa wa mwisho tena, mwanangu, itabidi urudi nyumbani."

Watu watatu waliposikia hayo hawakulala. Nyanya yake, Mghoi, alikuwa na simu. Mwalimu Mkamburi wa jiografia alikuwa na ulimi usioogopa mtu. Na Mshai, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa na macho mazima na subira ya ajabu.

Nyanya ndiye aliyeanza. Simu yake kubwa ya kugusa aliletewa na mwanawe aliyeko ng'ambo, na kila Jumapili baada ya ibada waliongea wakionana sura. Furaha ya bibi kizee yule ilikuwa hiyo moja tu. Siku moja fundi akamwambia simu kama ile inaweza kusoma kitabu kwa sauti, na hata kutaja kilicho mbele yake. Akaenda moja kwa moja akamtia Wakesho mkononi.

"Na mjomba je, Nyanya? Utamwona wapi?"

"Sura yake naijua, nilimzaa mimi. Chukua."

Tangu hapo Jumapili akawa anaazima kisimu cha jirani, anasikia sauti ya mwanawe, sura haioni. Mwaka mzima.

Lakini simu shuleni? Weee! Shule ile simu ikinaswa huvunjwa kwa jiwe mbele ya wanafunzi wote. Hapo ndipo Mwalimu Mkamburi, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu, aliposimama katika kikao cha walimu. "Hii ni miwani ya mtoto," akasema. "Ikileta kosa lolote, niadhibiwe mimi." Akatia sahihi. Haukupita mwezi, mjomba, kwa kusahau kwamba simu imehamia shuleni, akapiga katikati ya mtihani. Ikalia, lo, darasa zima likaruka! Simu ikasalimika, Mkamburi akavuliwa unaibu. Hakumlaumu mtu. Alimwambia Wakesho tu, "Mwambie mjomba wako ajifunze kusoma saa."

Sasa msidhani simu ni mganga. Kitabu ilisoma, ndiyo. Ukiielekeza ubaoni kwenye mwandiko wa chaki wa mwalimu wa hisabati, ilibwabwaja upuuzi mtupu. Na ramani ndiyo haikuijua kabisa. Basi Mshai akawa anaisogelea simu na kuijaza sauti yake: "Mto unatoka juu mkono wa kulia, unapinda kama kiwiko, unaingia ziwani." Kila somo, kila siku. Wakesho akienda nyumbani anamsikiliza mpaka anakariri. Ila anayesoma kwa sauti haandiki, na daftari za Mshai zikabaki nusu nusu. Alikuwa wa tatu darasani, akawa wa kumi na tisa. Mama yake akamfokea, "Nilikupeleka shule ukasome au ukamsomee mwenzako?" Kesho yake Mshai akaendelea.

Mwisho wa mwaka Wakesho akawa wa nne. Wa nne, jamani, kutoka mkiani!

Sasa shule ile ina desturi yake. Aliyepanda kuliko wote hupewa shada moja la maua amvishe mtu mmoja aliyembeba, na mtu huyo hupanda mti langoni, mti ukaitwa kwa jina lake milele. Shada moja, mti mmoja. Siku ilipofika, Nyanya alikuja na leso mpya. Mshai alikuja na mama yake, yule yule aliyefoka. Mwalimu Mkamburi alijifanya hana habari, lakini nywele alikuwa amesuka.

Wakesho akapanda jukwaani na shada lake. Mbele yake ulibaki mwaka mmoja na mtihani wa mwisho, na bado aliwahitaji wote watatu. Je, akivisha mmoja, wawili watabaki na moyo ule ule?

Mwalimu mkuu, kwa kutaka haki, akawapanga watatu jukwaani akaamuru, "Asiseme mtu hata neno, msije mkamvuta!" Haki gani hiyo, mama yangu! Akasahau kwamba Wakesho hutambua watu kwa sauti. Msichana akabaki na vivuli vitatu visivyo na sauti.

"Nyanya?" Kimya. "Mshai?" Kimya. "Mwalimu?" Kimya.

Akatoa simu, akawaelekezea. Simu ikasema kwa sauti yake ile kavu, "Watu watatu."

Watu wakacheka. Wakesho hakucheka.

"Hilo nalijua," akaiambia, machozi yakimtoka. "Nitajie mmoja." Simu haikuwa na jibu.

Na mimi sina! Asubuhi nasema Nyanya, maana bila simu pangekuwa na nini? Mchana nasema Mkamburi, maana simu iliyovunjwa kwa jiwe haisomi kitu. Jioni namkumbuka Mshai na nafasi yake ya kumi na tisa, nafuta yote. Kidole kimoja hakivunji chawa, tumeambiwa. Haya, chawa amekufa. Nani atuambie kidole gani kimemuua? Na wewe wa nyuma usiniambie aivishe simu. Simu haina shingo, wala haikukosa kumwona mwanawe Jumapili.

Wakesho bado amesimama jukwaani, shada mkononi, mikono imenyooka mbele, na watatu wale wanazuia hata pumzi. Sasa fungua kinywa chako. Je, wewe ungeipeleka wapi mikono ile?