Ndama Waliopiga Hodi Golini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na watoto wenye kamasi, Mzee Kifaru alibebeshwa kazi ya kuwafundisha mpira watoto wadogo kabisa wa Mlima Mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa na balaa. Bwana Nyati alikuwa amekuja akitifua vumbi. "Kesho ndama wangu watacheza na hivyo vitoto vyenu," alisema. "Tukifunga hata bao moja, uwanja huu ni wetu. Nyie mtachezea kule kwenye miiba!"

Nani angembishia mwenye pembe zile?

"Ulinzi kwanza!" alinguruma Kifaru. "Kaeni nyuma!"

Puu! Watoto wote wakaketi chini.

"La! Simameni! Siwema, ziba pengo!"

Siwema, binti wa Bi Pimbi, alikuwa ameng'oka meno ya mbele juzijuzi. Akaziba mdomo kwa aibu.

"Siyo hilo! Ngedere, ondoa mpira! Uondoe kabisa!"

Ngedere mdogo akaukumbatia mpira, mbio nao mpaka kwao.

Kifaru akajikuna pembe. "Hivi mimi nasema Kiswahili, au nasema nini?"

Hapo Bi Pimbi, kadogo lakini kepesi kama cheche, akaja kumchukua mwanawe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sielewi kitu. Kesho tunanyang'anywa uwanja hivihivi."

"Niachie hawa kidogo."

Akawakusanya watoto golini. Psi psi psi, akawanong'oneza. Wakacheka, kwi kwi kwi! Kifaru akatega masikio, akaambulia neno "mama" na neno "mlango" tu. Akazidi kuchanganyikiwa.

Siku ya mechi, ndama walishuka gidi! gidi! gidi! Ardhi ikatetemeka. Kifaru akafumba macho asione aibu.

Mara, kimya. Akafumbua jicho moja. Ndama mwenye mpira alikuwa amesimama mbele ya goli, na Siwema yuko mbele yake, mikono kiunoni.

"Piga hodi!"

Ndama akagonga kwato chini. "Hodi?"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi… mtoto wa Bwana Nyati."

"Mama hayupo! Rudi baadaye!"

Na Ngedere alishauchapa mpira, paa! Ukaenda zake.

"We mtoto, kwa nini hukupiga?" Bwana Nyati alifoka.

"Baba, mama yao hayupo!"

"Ule ni uwanja, si nyumba!"

Ndama akalitazama goli, akamtazama baba yake. "Lakini mama alisema tusiingie kwa watu bila kukaribishwa."

Wakaja tena. "Hodi! Hodi!"

"Tunaoga!" watoto wakajibu kwa pamoja. Paa! Mpira nje.

Kifaru akamgeukia Bi Pimbi. "Wanaoga? Wanaoga wapi?"

"Tazama tu, Mzee."

Mwishoni ndama mkubwa kuliko wote akaamua kuingia bila hodi. Watoto wakapiga yowe: "Mwizi! Mwizi!"

Ndama akasimama ghafla, akageuka nyuma amwone huyo mwizi. Paa!

Priii! Mbuni, mwamuzi, akapuliza filimbi ya mwisho.

"Wametudanganya!" Nyati alilalamika.

"Hakuna sheria inayokataza kubisha hodi," Mbuni akajibu.

Nyati akakusanya ndama wake, akaondoka akipumua kama mvukuto.

"Tumeshinda?" Kifaru akauliza, bado haamini.

"Hatukufungwa, Mzee. Uwanja ni wetu."

"Lakini uliwafundisha ulinzi gani huo? Mimi sijawahi kuusikia."

Bi Pimbi akacheka. "Wewe uliwapa maneno ya uwanjani. Hawa bado hawajatoka nyumbani. Nikawaambia goli ni kwao, na mama ameenda kisimani."

Basi wanangu, shikeni hili: mtoto hufundishwa kwa anachokijua yeye, si kwa anachokijua mwalimu.