Kidari cha Timu ya Nyumbu

Hapo zamani, jua likiwa kali mara saba kuliko hili mnalolilalamikia, walitokea watu Nairobi wakasema: sisi tutacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Barafu gani? Hii hii ya kupozea soda! Wakaigandisha kwenye ukumbi mzima, pana hata ndege ingetua. Wakavaa viatu vyenye visu chini, wakashika magongo, wakawa wanafukuzana na kisahani cha mpira mgumu wakitaka kukitia golini. Timu yao ikaitwa Nyumbu.

Kapteni wao alikuwa Mwadime. Mabega yake, akipita mlangoni, lazima apite kiubavu. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, analipwa kuteleza.

Lakini kushinda, hakukujua. Nyumbu walifungwa Jumamosi, wakafungwa Jumapili, na mazoezini wakicheza wenyewe kwa wenyewe, walifungwa pia. Kila wakifungwa Mwadime aliwaambia, "Jamani, tumefungwa sote." Hakuna aliyebisha. Waliondoka wameshikana mabega kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa walikuwa na desturi, waliiweka tangu hawajajua hata kusimama kwenye barafu. Siku tukishinda, tutachinja mbuzi. Kidari atakila mtu mmoja, yule aliyetupa ushindi, na atakayekila ndiye kapteni mpya. Wa kukata ni kapteni wa zamani. Mwadime mwenyewe alipiga makofi. Nani alidhani watashinda?

Basi wakaja wageni kutoka nchi za theluji. Watu wale, mama zao waliwazalia kwenye barafu! Warefu, mmoja akiinama kufunga kamba za viatu bado anakuzidi kimo.

Mechi ikaanza. Wageni wakapiga, kipa Barasa akazuia. Wakapiga, akazuia. Huyo Barasa alikuwa muuza mayai, hajui kuachia kitu kianguke. Alizuia kwa gongo, akazuia kwa kifua, akazuia kwa paji la uso. Kimoja alikizuia huku anapiga chafya.

Mwisho akachoka, akaanguka chali. Jitu moja la wageni likaja, goli liko wazi. Nyuma yake akachomoka Kadzo, beki wa Nyumbu, akalitia gongo miguuni kusudi. Jitu likaruka! Lilipotua, chai za watazamaji zikamwagika mpaka nje barabarani. Refa akapuliza filimbi: kizimbani! Maana mchezo ule ukikosea unafungiwa kizimbani, na wenzako wanabaki pungufu. Kadzo akaenda anatabasamu.

Dakika zikakaribia kuisha. Kisahani kikatoroka kuelekea kwa wageni, na njia ilikuwa ya Mwadime. Tangu kuzaliwa hajafunga goli. Alilitaka goli lile kuliko chakula! Lakini magoti yake yalikuwa yanawaka. Akajua hafiki. Akageuka, akaenda benchi, akakaa, akasema, "Lemayian, ingia wewe."

Lemayian alikuwa na mbio za swala, ila breki hana. Akaingia kama risasi, akapitiliza, akaanguka mbele ya goli la wageni, matako yameelekea uwanjani. Beki wa wageni akapiga kisahani kwa nguvu kukiondoa. Pwa! Kikagonga matako ya Lemayian, kikaingia golini.

"Nani amenipiga?" Lemayian akauliza. Wenzake wameshamrukia, wanalia.

Wakachinja mbuzi. Kidari kikaiva, kikawekwa kwenye ubao, kinatoa mvuke. Mwadime akashika kisu.

"Kapteni, leta huku," akasema Barasa. "Bila mimi tungefungwa mpaka refa akope vidole vya kuhesabia."

"We Barasa!" Kadzo akaruka. "Jitu linakuja, wewe umelala chali kama mende. Nani aliliangusha? Nimewekwa kizimbani kama mwizi wa kuku, mama mkwe ananitazama. Leo hata salamu yangu hapokei!"

"Pole, dada," akasema Lemayian. "Lakini goli ni la nani?"

"La matako!"

"Matako ya nani? Ya mama mkwe? Mimi hapa siwezi kukaa, nyama nakula nimesimama."

Wakacheka wote, ila Mwadime. Akasema polepole, "Na mimi je? Nafasi ile ilikuwa yangu. Nikakaa benchi."

"Kapteni, siku hizi kukaa nako ni kazi?" Kadzo akauliza.

"Jaribu wewe kukaa, goli linakuita kwa jina."

Barasa akasimama. "Ukijipa mwenyewe, Mwadime, mimi narudi kwenye mayai yangu. Na ukimpa mwingine, narudi vilevile."

"Na mimi narudi Kaloleni," akasema Kadzo.

"Na mimi naondoka," akasema Lemayian, "maana nimeshasimama."

"Basi tukigawe vipande vinne," Mwadime akawabembeleza. "Jamani, kufungwa si tuligawana vizuri tu?"

"Desturi!" wakapiga kelele wote watatu. "Mtu mmoja!"

Mwadime akawatazama. Siku zote alipofungwa alikuwa na timu. Leo ameshinda, na timu inamponyoka mkononi. Akainua kisu, mate yakawajaa watu mdomoni.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa hapo, semeni. Yuko aliyezuia. Yuko aliyekosea makusudi akabeba aibu peke yake. Yuko aliyefunga bila kujua. Na yuko aliyekaa chini ili mwenzake aingie. Kisu kiko juu na kidari kinapoa. Je, nani alistahili?