Kitabu cha Bure Kisichoguswa

Ndugu zangu, nitegeeni sikio. Kulikuwa na kikundi cha vijana waliokuwa wakigawa programu za kompyuta na vitabu kwenye flashi. Ahadi yao ilikuwa moja: ukipokea, uko huru kutumia, kurekebisha na kumpa mwenzako. Ndiyo maana watu waliwaamini.

Siku moja mwenzao akaleta kitabu kizuri mno kuhusu mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Mwandishi aliruhusu kinakiliwe, lakini kisibadilishwe hata neno.

"Hiki hakifai humu," akasema binti mmoja wa kikundi.

Wakamcheka. "Acha ulokole wa kompyuta! Si cha bure? Au unataka na chai?"

Wakakitia kwenye flashi.

Kikamfikia mama mmoja mfugaji. Majirani zake walikuwa Wagogo wa umri mkubwa, na Kiswahili cha kitabu kiliwapiga chenga. Mama akakigeuza chote kwa Kigogo, akakisoma kwa sauti yake na kukirekodi kwenye simu. Akawapelekea vijana, uso umejaa furaha.

"Haya wanangu, gaweni upesi. Kuku wa majirani wameanza kusinzia."

Vijana wakatazamana. "Mama, samahani. Kile kitabu hakiruhusiwi kubadilishwa. Usimpe mtu kwanza, ngoja tumwombe mwenyewe."

Wakamwandikia mwandishi. Wakangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa hapana, na mabanda ya majirani yalikuwa yamebaki na manyoya tu.

"Mwandishi gani huyu mwenye roho ngumu hivi!" wakalalamika.

"Msimsingizie," mama akasema. "Yeye tangu mwanzo alisema amefunga. Ninyi ndio mlioniambia kiko wazi."

Mnasikia, wapendwa? Sisi je? Tunamwambia mgeni, "Karibu, hapa ni kwako," akisogeza kiti tu tunamkata jicho. Tunampa dada kazi ya kwaya, akibadilisha wimbo mmoja tunamnyang'anya. Hiyo ni zawadi gani?

Mwenye kufunga chake ana haki yake, tumwachie. Ila sisi tusikichukue tukakigawa kwa jina la uhuru kwa sababu tu kinapendeza. Afadhali tugawe kitu chetu kidogo, hata kama kina kasoro, maana kasoro iliyo wazi mtu ataitengeneza. Hakuna anayeweza kutengeneza kitu ambacho bado tumekishikilia.

Tukitoa, tuachie.