Meya na Kisima cha Tindiga

Manispaa ya Kifunga ilifilisika hadi dalali wa mahakama akabeba viti vya baraza, na madiwani wakawa wanajadili umaskini wakiwa wima. Mabomba yalipokauka, watu wa mtaa wa Tindiga walichimba kisima chao wenyewe, wakakizungushia ukuta.

Meya Ngwebeya akaja mbio. "Kisima hiki ni cha manispaa. Maji sasa ni ya kulipia!"

"Umechelewa tu, mheshimiwa," akajibu Bi Mwatumu, muuza mkaa aliyesimamia uchimbaji. "Ila jambo kubwa halifanywi kimyakimya. Njoo Jumamosi na lile gari lako jipya, uliingize ndani lipendezeshe sherehe, kisha utangaze mwenyewe."

Jumamosi gari likaingia liking'aa, Mwatumu akafunga geti. Meya akashika kipaza sauti. "Kila kilichomo ndani ya ukuta huu ni mali ya manispaa!"

Mpiga ngoma mmoja akavua kofia. Kumbe ni yule dalali!

"Nimesikia," akasema. "Kisima hakibebeki, lakini gari nalichukua."

"Gari ni langu binafsi!"

"Mbona umeshatangaza?"

Mwatumu akamsogelea meya. "Si utangaze tena, mheshimiwa?"

Meya akakiinua tena kipaza sauti. "Ndugu wananchi, niliteleza ulimi! Manispaa haina hata kijiko humu ndani!"

"Na kisima?" akauliza Mwatumu, mkono ukiwa kwenye komeo la geti.

"Chenu! Kisima ni chenu!"

Mwatumu akafungua geti.