Kindi, Kiboko na Sauti ya Kibuyuni

— Mpo?
— Tupo!
— Mpo kweli, au mmeacha majina kwenye simu mkaenda kula?
— Tupo, macho na masikio!
— Basi shikeni ngano.

Zamani za juzi, bonde lilitafuta mpiga mbiu. Mpiga mbiu hupewa tundu la mkuyu, lisilovuja. Kindi alilitaka tundu hilo. Masika yaliyopita kiota chake kililowa, na mtoto wake wa mwisho hakufika kiangazi.

Mbiu ya bonde lile hupigwa na wawili: mmoja huita, mwenzake huitikia. Kwa hiyo Mwalimu Kasuku aliwagawa wanafunzi wawili wawili, wafanye mazoezi kwa simu. Jozi itakayoshinda itamtaja mmoja wao apewe kazi. Kindi akapangwa na Kiboko.

Jioni ya kwanza Kasuku aliita majina. "Kiboko?"

"Nipo!" Akazima kamera, akaacha simu ukingoni mwa mto. Chubwi! Akaenda kula.

Kindi akaita: "Enyi wa bonde!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akajiitikia mwenyewe.

Jioni ya pili, "Nipo!" Chubwi! Kimya.

"Mwalimu, mwenzangu hayupo," Kindi akasema.

"Mbona jina lake naliona?"

"Jina haliitikii, Mwalimu."

"Vumilianeni, mwanangu."

Kindi akamfuata Kiboko mtoni. "Shikamoo, mzee. Mbona mazoezini hupatikani?"

"Marahaba. Mtandao, mwanangu, mtandao! Lakini siku ya mtihani nipo, na kazi naichukua mimi. Mpiga mbiu hupewa boga kila shamba. Wewe na vidole hivyo, boga utalibebaje?"

"Na tundu la mkuyu?"

"Humo nitaweka maboga."

Kindi akarudi nyumbani, akachukua kibuyu kitupu. Tangu siku hiyo, alipoita, aliita kwa sauti yake. Alipoitikia, alitia mdomo ndani ya kibuyu. Boooo! Ungeapa ni Kiboko.

Siku ya mtihani ikafika, Kindi akamkuta Kiboko ukingoni. "Mzee," Kindi akanong'ona, "bonde zima limeinamia simu. Shamba la Ngiri halina mlinzi."

"Wee! Narudi sasa hivi."

"Kiboko?" Kasuku akaita.

"Nipo!" Chubwi!

Kindi akaketi kati ya simu mbili, yake na ya Kiboko, kamera zimezimwa. Akaita, akaitikia. Akaita, boooo! Hakuna jozi iliyowafikia.

"Mmeshinda," Kasuku akasema. "Kiboko, wewe ndiye mkubwa. Kazi apewe nani?"

"Boooo! Mpeni Kindi. Mimi sijafanya mazoezi hata siku moja. Nilikuwa nakula."

Kisha Kasuku akafuta machozi. "Mmesikia? Nani hapa amewahi kujisema hivi?" Makofi: pwa! pwa! pwa!

Kindi akapewa kazi, na tundu. Kiboko, kwa ukweli wake, akafanywa mkuu wa wapiga mbiu.

Alirudi midomo ikiwa ya njano kwa maboga. "Kuna nini?"

"Hongera, mkweli wetu!" bonde likamwambia.

"Nipo," akasema.

Kindi akafungua kinywa ataje ni nani aliyesema. Akatazama juu ya mkuyu. Wanawe walikuwa wamekwisha kuingia tunduni, wamelala. Akafunga kinywa.

Mpaka leo, kila mavuno, Kindi hukusanya maboga ya mbiu na kuyaviringisha hadi mtoni kwa mkuu wake. Gubu, gubu, gubu.

Fundisho, wanangu: semeni ukweli daima. Ukweli humpandisha mtu cheo, hata kama ameenda kula.

Ngano yangu imefika mtoni, naiachia hapo. Mpo?

— Tupo!

Na Kiboko kaitikia.